Maji yalituingilia saa nane usiku tukapoteza dakika ishirini. Wenye nyumba mabondeni, jipangeni mapema

#1 Mlinda Kizingiti

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo nimeamua niushushe. Ni mrefu. Mwenye haraka apite, ila kama nyumba yako iko bondeni, karibu na mto au mfereji, au barabara iliyo mbele yako iko juu kuliko uwanja wako, vuta kiti.

Miaka kadhaa iliyopita maji yalituingilia ndani usiku wa manane. Kwetu mvua haikuwa imenyesha hata tone. Ilinyesha huko juu kwenye vilima mchana kutwa, sisi tukaingia kulala tukiona nyota. Mke wangu ndiye aliyeteremsha mguu kitandani akakanyaga maji. Akaniita kwa sauti ambayo mpaka leo naikumbuka.

Tulikuwa sita ndani: sisi wawili, watoto watatu, na mama yangu mzazi, ambaye goti lilikuwa limemgomea na anatembea kwa fimbo. Wakati huo maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Kama tungetoka pale pale, mama angetembea mwenyewe. Badala yake mimi na kijana wangu mkubwa tukaanza kuinua friji tuliweke juu ya meza. Baada ya friji, godoro. Baada ya godoro, mke wangu akawa anatafuta vyeti, mimi natafuta funguo za geti, mtoto wa mwisho analia anataka viatu vyake. Nakadiria dakika ishirini ziliisha hivyo. Tulipofungua mlango maji yalikuwa magotini na yanakwenda kwa kasi. Mama nikambeba mgongoni. Pale getini niliteleza nikashika nguzo, na kama si ile nguzo, uzi huu usingekuwepo.

Friji lenyewe lilianguka kutoka mezani, likafa.

Tangu siku hiyo nimesoma sana habari hizi na nimepanga nyumba yangu upya. Watu wakisikia "kujiandaa na mafuriko" wanawaza vitu vya kununua. Vitu vipo, nitavitaja. Lakini kilichotuponza hakikuwa kukosa vitu. Hatukuwa tumekubaliana kabla: tukiona nini tunaondoka, nani anamshika nani, tunapita wapi, tunakwenda wapi. Mambo hayo manne tulianza kuyajadili tukiwa tumesimama ndani ya maji.

Nakuja na sehemu ya pili.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeweka kambi hapa. Shusha, mkuu.

#3 Mlinda Kizingiti

Sehemu ya pili: alama ya kuondoka.

Kila nyumba iwe na alama yake, kitu unachokiona kwa macho, si "hali ikiwa mbaya". Hali mbaya kila mtu ana yake. Kwangu nimechagua jiwe moja kubwa kwenye mfereji ulio mita kama sitini kutoka mlangoni, nikalipaka rangi nyeupe. Jiwe likifunikwa, tunatoka. Hatujadili, hatusubiri mvua ipungue. Alama iwe mbali na nyumba kiasi kwamba maji yakiifikia bado unayo nafasi ya kutembea juu ya ardhi kavu. Ukichagua kizingiti cha mlango wako kuwa alama, hapo hujachagua kitu.

Usiku jiwe halionekani. Kwa hiyo kuna kanuni ya pili: mamlaka ya hali ya hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, au tukijua huko juu kumenyesha siku nzima, mtu mmoja halali. Tunapokezana. Simu ziwe na chaji na sauti iwe juu, redio ya betri iwe karibu. Na mamlaka zikisema ondokeni, jiwe limefunikwa au halijafunikwa, tunaondoka.

Mafuriko ya ghafla huweza kufika ndani ya saa sita tangu mvua ianze, na mara nyingi huwa chini ya hapo. Kuna dalili nyingine wazee wa mitoni wanazijua na ni za kweli: maji ya mto kubadilika rangi ghafla yakawa ya tope, kuanza kubeba matawi na magogo, au kusikia ngurumo isiyokuwa ya radi kutoka upande wa juu. Na ukiona mto umepungua ghafla wakati mvua inaendelea kunyesha, usifurahi. Huenda kuna kitu kimeziba huko juu, na kikiachia kinaachia chote kwa mkupuo.

#4 Siamini Haraka

Mkuu heshima kwako, pole kwa yaliyokukuta. Ila mimi naishi hapa nilipo miaka 22, mto uko mita 200, maji hayajawahi kuvuka barabara. Mnatutisha bure. Watu wakihama kila wingu likitanda, nani atalinda mali?

#5 Mlinda Kizingiti

Ndugu yangu, jirani yangu aliniambia maneno hayo hayo, na yeye alikuwa na miaka 31 pale.

Mto unaouona leo si ule wa miaka 22 iliyopita. Huko juu wamejenga, wamesakafia, wamekata miti. Maji yaliyokuwa yananywewa na udongo sasa yanateleza juu ya saruji na mabati yanakuja kwako yote kwa pamoja. Mfereji uliotosha zamani leo umejaa mchanga na chupa za plastiki.

Halafu kuna hesabu moja inawapotosha wengi. Wataalamu wakisema "mafuriko ya miaka 100" hawamaanishi yakitokea leo basi yatarudi baada ya miaka 100. Wanamaanisha kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Mwaka huu asilimia 1, mwakani tena asilimia 1. Ukikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unafika karibu asilimia 26. Kwa hiyo miaka 22 bila maji ni bahati njema, wala si cheti cha kinga.

Kuhusu kulinda mali: mali inalindwa kabla, siku za jua. Maji yakishafika, hakuna mlinzi.

#6 Fundi Nyaya

Mimi ni fundi umeme, ngoja nichangie upande wangu maana hapa ndipo watu wanapopotea kimyakimya.

Umeme unazimwa KABLA ya maji kuingia ndani. Ukishaona alama ya mkuu Mlinda, mtu mmoja kazi yake ni moja: kuzima swichi kuu. Lakini nisikilizeni vizuri. Kama maji yameshaingia na ili ufike kwenye swichi kuu lazima ukanyage maji, achana nayo. Toka. Usiiguse ukiwa umesimama kwenye maji, wala ukiwa umelowa mikono. Wapo waliookoka na mafuriko wakamalizwa na soketi.

Wenye sola: paneli zinazalisha umeme maadamu kuna mwanga. Ukizima swichi kuu ya nyumba, waya unaotoka juu ya paa bado una moto. Lazima uwe na kizimio upande wa paneli na ujue kiko wapi. Na zile betri mnazoziweka sakafuni pembeni ya mlango, zipandisheni. Jengeni rafu imara, juu ya pale mnapodhani maji yatafika, kisha ongezeni kidogo.

Ukiwa unajenga au unakarabati, mwambie fundi apandishe soketi na nyaya zishuke kutoka juu badala ya kupita chini sakafuni. Gharama haitofautiani sana ukilifanya mwanzoni. Ukija kulifanya baadaye, ni kuvunja ukuta.

Maji yakishatoka, usiwashe kitu. Kitu kinaweza kuonekana kikavu nje huku ndani kimejaa tope. Fundi apime kwanza. Na waya ulioanguka barabarani, hata kama mtaa mzima hauna umeme, hesabu kwamba una moto. Hasa kama umeangukia maji.

#7 Mama wa Watatu

Asante fundi. Na gesi je? Mimi hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

#8 Fundi Nyaya

Mtungi unaelea, dada, hata ukiwa na gesi ndani. Ukielea unavuta mpira, mpira unachomoka, gesi inatoka. Funga koki ya mtungi juu kabisa, chomoa mpira, kisha ufunge mtungi kwa kamba kwenye kitu kisichong'oka, ukiwa umesimama wima. Mkirudi baada ya mafuriko, msiingie na kiberiti wala mshumaa. Tochi tu. Ukinusa gesi, toka, acha milango wazi, usiguse swichi yoyote.

#9 Muuguzi wa Zamu

Naomba nafasi, maana baada ya maji kushuka sisi ndio tunawapokea.

Nianze na maji ya kunywa. Kichekesho cha mafuriko ni kwamba umezungukwa na maji na huna hata tone la kunywa. Weka akiba ya lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tatu angalau. Familia ya watu sita kama ya mkuu ni lita 72, madumu manne ya lita 20 yanatosha na chenji inabaki. Madumu yenye mifuniko, yaoshwe, yabadilishwe maji kila baada ya muda. Kisima kilichoingiliwa na mafuriko kihesabuni kimekufa mpaka kitibiwe na kipimwe, kwa sababu maji yale yamepita vyooni kabla ya kuja kwako.

Mkikosa maji safi, chemsheni. Yakishatokota vizuri, dakika moja inatosha; mlio milimani juu ya mita 2000, dakika tatu. Kuchemsha kukishindikana, tumieni dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato wala rangi, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9: matone 2 kwa lita ya maji maangavu, matone 4 kama yana ukungu, koroga, subiri dakika 30. Yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi, la sivyo dawa inaishia kwenye tope. Lakini maji yanayonuka mafuta ya gari au sumu ya shambani hayatibiki kwa moto wala kwa klorini. Mwaga.

Pili, dawa. Mwenye kisukari, presha, pumu, kifafa, anayetumia ARV: mfuko wake uwe na dawa za wiki nzima, na karatasi yenye jina la dawa na kipimo. Tumepokea watu ambao maji hayakuwagusa hata mguu, wakazidiwa siku ya tatu kwa sababu dawa zilibaki kabatini.

Tatu, kuhara. Mtoto akianza, usisubiri. Kama huna paketi za chumvi maalumu (ORS) za kurudisha maji mwilini, changanya umnyweshe: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msizidishe chumvi mkidhani mnamsaidia.

Nne, msitembee pekupeku. Bati, misumari, vioo, vyote viko chini ya tope hamvioni. Chanjo ya pepopunda iwe imefanywa mapema. Ukiwa na kidonda, kifunike kisipite kwenye maji yale. Kuna homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa wanyama kama panya, nayo huingia kupitia michubuko ya ngozi. Ukipata homa kali na misuli ya miguu kuuma siku kadhaa baada ya kutembea majini, nenda kituo cha afya na ueleze wazi kwamba ulikuwa kwenye mafuriko. Tusipoambiwa, tunaweza kuhangaika na malaria.

La mwisho kwa leo: jenereta. Isiwake ndani, wala barazani, wala chini ya dirisha. Angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kukausha nguo au kuota moto. Ile hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na haikuamshi. Familia nzima inalala, haiamki.

#10 Siamini Haraka

Hapo kwa jenereta umenigusa, muuguzi. Yangu huwa naiweka varanda ya nyuma. Naihamisha.

#11 Bodaboda Mstaafu

Wakuu kuhusu gari na pikipiki mbona hamjagusa? Mimi nina gari la juu kidogo, naamini linapita maji mengi tu.

#12 Mlinda Kizingiti

Mkuu, gari ndilo linaloua watu wenye uwezo wa kukimbia.

Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaelesha gari dogo. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, hayo ya juu yakiwemo. Watu wanashangaa kwa sababu wanapima kina na kusahau mwendo. Maji yakiongeza kasi maradufu, nguvu ya kukusukuma inakuwa mara nne. Na gari likishaanza kuelea, tairi hazigusi chini, usukani unageuka pambo. Marekani zaidi ya nusu ya wanaokufa maji kwenye mafuriko walikuwa wameingiza gari kwenye maji.

Halafu chini huoni. Unajua barabara iko pale kwa sababu jana ilikuwepo. Leo huenda kipande kimeondoka.

Kuna kosa jingine linalofanana na la friji langu. Oktoba 2024 kule Valencia, Hispania, baadhi ya waliokufa walikuwa wameteremka kwenye maegesho ya chini ya majengo kwenda kuokoa magari. Maji yakiingia kwenye shimo kama lile hayapandi polepole, yanamwagika. Gari lihamishwe tahadhari inapotoka, ukiwa na nafasi. Umechelewa? Liache liende.

Ukikwama ndani na maji yanapanda nje, fungua mkanda, teremsha kioo mara moja kabla mfumo wa umeme haujafa, toka kwa dirishani, panda juu ya gari. Usipoteze muda kusukuma mlango, maji ya nje yanausukuma kuliko wewe.

#13 Jirani wa Juu

Mimi naishi ghorofa ya tatu. Uzi huu unanihusu vipi, au nirudi kulala?

#14 Mlinda Kizingiti

Unakuhusu, jirani. Kama jengo ni imara na mamlaka hazijasema muondoke, wewe kwako ni kubaki juu, ila utabaki huna umeme, pampu ya maji haisukumi, pengine siku kadhaa. Jaza kila chombo maji mapema. Friji lisifunguliwe hovyo: likikaa limefungwa vyakula vinadumu kama saa 4, friza iliyojaa hufika saa 48. Lifti usiipande kabisa. Na wa chini yako, hasa mzee au mama mwenye mtoto mchanga, mkubaliane leo kwamba mlango wako uko wazi kwake saa yoyote.

Kwa wa nyumba za chini, tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: usikimbilie darini kama dari haina pa kutokea juu. Kwenye kimbunga Katrina mwaka 2005, New Orleans, watu walipanda kwenye dari wakikimbia maji, maji yakawafuata, wakabanwa chini ya paa bila njia. Kama huko ndiko pekee unakoweza kupanda, basi weka shoka au nyundo na nondo huko juu tangu sasa, ya kutobolea paa. Na filimbi. Sauti ya binadamu inakauka upesi, filimbi haikauki.

#15 Mama wa Watatu

Mkuu swali langu ndilo hili. Mimi nina mama mkwe hawezi kutembea kabisa, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na mtoto wa miaka miwili. Mume wangu anasafiri. Naanzaje?

#16 Mlinda Kizingiti

Dada yangu, wewe alama yako isiwe sawa na ya kwangu. Asiyeweza kukimbia anaondoka wa kwanza, si wa mwisho. Sisi wengine tukisubiri jiwe, wewe ondoka tahadhari inapotangazwa tu, wakati gari bado linafika mlangoni. Ukienda mara tatu na mafuriko yasije, umelala kwa ndugu mara tatu, basi.

Tafuta watu wawili wenye nguvu karibu nawe, wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa hayupo. Waambie kwa maneno ya wazi: "Tahadhari ikitoka mnakuja kwangu kumbeba mama." Fanyeni jaribio siku ya jua. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye tope wala maji, kwa hiyo mjifunze kumbeba kwenye kiti cha kawaida imara, au shuka nene linalokunjwa, watu wawili au wanne. Mama mwenyewe aulizwe anaumia wapi. Mama yangu hatukumuuliza, nikambana goti lile lile bovu.

Mtoto mdogo afungwe kifuani au mgongoni, mikono yako ibaki huru. Wakubwa wawe na namba yako ya simu imeandikwa kwa kalamu isiyofutika mkononi au ndani ya nguo. Na kila mtoto awe na mtu mmoja wa kumshika. "Tutawaangalia wote" maana yake hakuna anayeangaliwa.

Pia chagueni ndugu mmoja anayeishi mbali, nje ya eneo lenu, ambaye kila mmoja atamtumia ujumbe kwamba yuko salama. Mtandao ukielemewa simu hazipigiki, lakini ujumbe mfupi wa maneno mara nyingi hupenya.

#17 Mpangaji

Mnaongelea rafu, jenereta na maghorofa. Mimi nimepanga chumba kimoja. Mwenye nyumba hataki hata nipige msumari. Nifanye nini na hali hii?

#18 Mlinda Kizingiti

Mpangaji una faida moja, unabeba vichache. Piga picha vyeti vyote, kitambulisho, mkataba wa nyumba, kadi za kliniki, zitume kwa yule ndugu wa mbali na uzihifadhi kwenye barua pepe yako. Asili zake ziweke kwenye mifuko miwili ya plastiki migumu, mmoja ndani ya mwingine, ufunge kwa mpira. Mfuko huo, dawa, tochi, nguo moja kavu, chaji ya simu, fedha taslimu kidogo na maji, vyote viwe kwenye begi moja la mgongoni linaloning'inia karibu na mlango. La mgongoni, tafadhali. Ukishika mkoba mkononi umepoteza mkono.

Godoro, nguo, vitabu vya watoto vikae juu tangu mwanzo wa msimu wa mvua. Matofali manne chini ya miguu ya kitanda hayahitaji ruhusa ya mtu.

Na nenda kwa miguu leo mpaka sehemu ya juu mtakayokimbilia. Usiiwaze tu, itembee. Mimi njia niliyokuwa naiwaza ina kidaraja katikati. Nilipoitembea ndipo nikagundua hicho kidaraja ndicho kinachofunikwa cha kwanza.

#19 Kiti cha Mbele

Viroba vya mchanga vinasaidia au ni mbwembwe?

#20 Fundi Nyaya

Vinasaidia kwa maji ya kina kifupi yanayopita, vinapunguza, havizuii kabisa. Usijaze kiroba mpaka juu, jaza nusu au zaidi kidogo, kilale na kujibana na mwenzake. Panga kama tofali, kiungo cha juu kisikae juu ya kiungo cha chini, tandika karatasi ya nailoni upande wa maji. Nimeona watu wanaziba mlango vizuri kabisa, maji yanapanda kupitia chooni. Chemba ikijaa inarudisha maji taka ndani kwako, kwa hiyo kiroba kimoja kiingie kwenye sinki la choo na kingine juu ya tundu la bafuni.

Ila maji ya nje yakipanda sana, msiendelee kuyazuia. Ukuta wa tofali ukisukumwa upande mmoja tu unaweza kuanguka. Meta moja ya ujazo ya maji ni kilo 1000, na hapo bado hayajaanza kukimbia. Wenye vyumba vya chini ya ardhi ni hivyo hivyo mkirudi: msivute maji yote siku moja wakati udongo wa nje bado umelowa. Theluthi kwa siku.

#21 Muuguzi wa Zamu

Niongeze la kurudi. Pigeni picha uharibifu kabla ya kusafisha, mwenye bima itamsaidia. Gumbuti, glovu ngumu, na fimbo ya kupapasia mbele, maana mifuniko ya chemba huinuliwa na maji na shimo hulioni. Nyoka na nge nao wametafuta pakavu kama ninyi, inueni vitu kwa fimbo kwanza. Tope litoke likiwa bado bichi, likikauka ni saruji. Ukungu huanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo magodoro yaliyolowa msiyaonee huruma. Chakula chochote kilichoguswa na maji yale, kitupwe.

#22 Mfugaji

Msisahau mifugo. Fungueni mabanda na kamba mapema. Mnyama aliyefunguliwa hutafuta kilima mwenyewe, aliyefungwa anakufa amesimama.

#23 Siamini Haraka

Nimerudi, wakuu. Jana jioni tulifanya jaribio na familia. Nilisema "jiwe limefunikwa" bila kuwaambia mapema, nikaweka saa. Dakika 14 mpaka tukafika kilimani.

Dakika sita kati ya hizo tulikuwa tunatafuta ufunguo wa mlango wa nyuma.

#24 Mlinda Kizingiti

Ufunguo ulikuwa wapi?

#25 Siamini Haraka

Kwenye koti langu. Nililokuwa nimelivaa.

#26 Mlinda Kizingiti

Hahaha. Pigilia msumari pembeni ya mlango, juu ambako mtoto wako wa mwisho hafiki lakini wa pili yake anafika, utundike hapo na usiuondoe. Rudieni tena wiki ijayo, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Uje utupe dakika.